"Nimezuia anwani mpaka kidole kimechoka"

Swali

Assalamu alaikum mzee wangu. Nina ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini, tuko watu wanne hapa kisiwani Mombasa. Barua pepe ya ofisi ni Gmail ya bure, tunayo tangu 2011, na sote wanne twaifungua kwa neno la siri moja. Kila asubuhi nakuta barua 150 mpaka 200, za maana hazifiki 30. Zilizobaki ni mikopo, dawa za nguvu, semina za Dubai na "hongera, umeshinda". Nimezuia anwani mpaka kidole kimechoka na hazipungui. Mwezi uliopita taarifa ya kufika meli ilizama kwenye barua taka, nikaiona siku za bure zimeshakwisha. Gharama ya kuhifadhi kontena nimelipa mimi, na mteja mpaka leo hapokei simu yangu. Kuna programu ya kununua itakayozuia haya yote? Au nifungue anwani mpya nianze upya?

Jibu

Waalaikum salaam dada, na pole kwa hasara. Programu usinunue, angalau si mwezi huu. Anwani mpya nitaifikia mwishoni. Kwanza nataka tukae kwenye jambo ulilolipitia haraka, la ile taarifa ya meli, maana hapo ndipo penye maradhi. Barua taka zote zile zinakupotezea dakika ishirini za asubuhi. Barua moja njema iliyochujwa kimakosa imekupotezea mteja. Kwa hiyo tutaanza na kuzifungulia njia barua za kazi, kufunga mlango kutafuata.

Lakini kwanza nikuondolee lawama za kidole. Jina la mtumaji unaloliona juu ya barua pepe ameliandika mtumaji mwenyewe. Ni kama jina lililo nyuma ya bahasha: hakuna karani wa posta aliyewahi kumwomba mtu kitambulisho kabla hajalamba stempu. Utaratibu unaopeleka barua kutoka seva moja hadi nyingine uliandikwa 1982, wakati mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara, na watu wake walijuana karibu kwa majina. Hata kabla ya hapo, Mei 1978, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment huko Marekani, Gary Thuerk, alikuwa ameshatuma tangazo moja kwa watu karibu 400 kwa mpigo. Walimkasirikia sana. Mwenyewe husimulia kwamba kompyuta ziliuzika, na hapo ndipo ulipo mzizi wa yote yanayokusumbua.

Unapobonyeza Zuia kwenye Gmail, unazuia anwani hiyo moja, herufi kwa herufi. Aliyekuandikia leo kesho ana anwani nyingine, na hiyo nayo hajainunua, ameitunga tu. Tena barua ya uliyemzuia hairudishwi ilikotoka. Inaangushwa kwenye barua taka, palepale zinapoangukia nyingine. Kuzuia kunamfaa mtu halisi anayekuandama: wakala wa bima asiyekoma, mchumba wa zamani. Kwa matapeli ni kuchota bahari kwa kata.

Sasa ile taarifa. Zamani vichujio, yaani mitambo inayotenga barua taka na barua njema, vilikuwa na orodha ya maneno mabaya, na matapeli wakajifunza kuandika neno kwa herufi zilizopinda. Mwaka 2002 mtunga programu Paul Graham alisambaza andiko lililoeleza njia ya kuhesabu: chukua barua za taka na barua njema, hesabu kila neno linatokea upande upi zaidi, kisha barua mpya ikija ipime kwa uzani huo. Mashine za Gmail za leo ni nzito kuliko hiyo, lakini zinaendelea kujifunza kutokana na vidole vya watumiaji. Unachokiripoti na unachokitoa takani ndiyo darasa lao.

Na hapo kazi yako ina mkosi. Lugha ya kutoa mizigo inafanana na lugha ya utapeli. Haraka, lipa leo, ankara imeambatishwa, mzigo wako umezuiwa forodhani, bonyeza hapa uone nyaraka: barua halali ya kampuni ya meli na barua ya mwizi anayedai una kifurushi kilichokwama husomeka kama watoto wa tumbo moja. Mwenye duka la leso pale Biashara Street hana taabu hii.

Ila nashuku kuna sababu iliyo karibu zaidi, humo humo ofisini. Kampuni za meli hutuma pia matangazo: ratiba mpya, salamu za sikukuu, ada zilizopanda. Mmoja wenu amechoka nayo, akabonyeza Ripoti Barua Taka ili yamwondokee machoni. Nyinyi ni wanne kwenye akaunti moja, na Gmail haijui nani kabonyeza. Inachojua ni kwamba akaunti hii haizitaki barua za kampuni ile. Ikirudiwa mara kadhaa, taarifa ya kufika meli nayo hufuata mkondo ule ule. Nimeyakuta haya katika ofisi zaidi ya moja hapa mjini, na kila mara kila mtu huapa si yeye. Usifanye uchunguzi wa nani. Waambie tu kuanzia leo: kitufe hicho ni cha takataka za kweli. Tangazo la kampuni mnayofanya nayo kazi linafutwa, au mnajiondoa kwenye orodha yake, lakini haliripotiwi.

Kisha keti kwenye kompyuta. Si simu, kwa sababu programu ya Gmail ya simu haina mahali pa kuundia kichujio chako mwenyewe, yaani agizo la nini kifanyike kwa barua za mtu fulani, na watu wengi hukata tamaa hapo wakidhani hawajui. Bonyeza alama ya gurudumu juu kulia, fungua mipangilio yote, nenda palipoandikwa Vichujio na Anwani Zilizozuiwa, unda kipya. Kwenye nafasi ya mtumaji usiandike anwani ya karani mmoja, maana makarani huhamishwa. Andika kikoa, yaani kile kinachofuata alama ya @. Ukiwa na vikoa kadhaa, vitenganishe kwa neno la Kiingereza OR, herufi zote mbili kubwa. Hatua inayofuata, weka alama penye maneno yanayosema barua hizi zisitumwe kamwe kwenye barua taka, na uzipe lebo. Iite Meli, au Bandarini, upendavyo.

Nani aingie katika orodha hiyo? Kampuni za meli unazozitumia, Mamlaka ya Bandari, Mamlaka ya Mapato, Shirika la Viwango, benki yako, yadi za kontena, na wateja wakubwa wenye vikoa vyao. Vikoa hivyo uvinakili kutoka barua za zamani ambazo kazi yake ilikwisha salama. Usivikisie kwa kumbukumbu. Na tafadhali usiandike gmail.com nzima. Nimewahi kuona mtu kafanya hivyo ili mteja wake mmoja asipotee, na matapeli nao wana Gmail. Aling'oa mlango pamoja na fremu.

Orodha yenyewe ina bei yake. Umekiambia kichujio kifumbe macho kwa majina fulani, na mtu akifaulu kughushi jina mojawapo, barua yake inaweza kupita nao. Kwa hiyo iwe fupi. Majina kumi na mawili ya kweli yanakutosha, na kila mwaka uyapitie.

Hata baada ya hapo, mtu mmoja afungue barua taka kila siku ya kazi. Mpangie saa maalum. Kwa ofisi nyingi ninazozijua inakuwa kabla ya chai ya saa nne, mahamri yakiwa njiani. Dakika tano tu. Akiona barua njema, asiifungue na kuiacha humo, abonyeze kitufe cha kusema si barua taka, ndiyo darasa nililolitaja. Vilivyomo humo Gmail huvifuta vyenyewe baada ya siku 30, na havirudi.

Tukija kwenye takataka zenyewe, nyingi kati ya hizo barua zako 120 mpaka 170 zisizo za maana huenda si za matapeli hata kidogo. Ni za watu mliowapa anwani wenyewe: hoteli mliyofanyia semina, duka la vipuri, shirika la ndege, tovuti ya bei za usafirishaji. Andika kwenye kisanduku cha kutafutia neno la Kiingereza unsubscribe, uone yatakayofurika. Hao, ikiwa unawajua, jiondoe kwao. Gmail huweka kitufe cha Jiondoe kando ya jina la mtumaji, huna haja ya kutafuta maandishi madogo ya chini. Tangu 2024 Google inawataka wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwa wenye Gmail waweke njia ya kujiondoa kwa mguso mmoja, na wahakikishe malalamiko dhidi yao hayafiki asilimia 0.3. Kwa hiyo siku hizi kitufe hicho kinafanya kazi kuliko zamani. Kampuni ya hapa nchini ikikaidi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kukataa taarifa zako zitumike kukutangazia biashara, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko. Mara nyingi kuitaja sheria kwa adabu kunatosha.

Usiyemjua usijiondoe kwake. Kiungo chake cha kujiondoa ni chambo: ukikigusa umemjulisha kwamba anwani hii iko hai na ina mtu anayesoma. Huyo ripoti bila kumfungua. Na katika mipangilio, agiza picha zisijifungue zenyewe mpaka uulizwe, kwani kijipicha cha nukta moja tu kinatosha kumwambia mtumaji kwamba barua yake imefunguliwa.

Utashawishika kuunda vichujio vya kufuta kwa maneno. Nikusimulie yaliyonipata. Miaka kadhaa iliyopita matangazo ya mikopo yalinizidi, nikaunda kichujio: barua yoyote yenye neno mkopo, futa. Nilijiona fundi kweli kweli. Miezi mitatu kukawa kimya, raha mustarehe. Kumbe nilikuwa nimemdhamini mwenzangu kwenye sacco, ameacha kulipa, na sacco imeniandikia barua ya kwanza, ya pili, ya onyo la mwisho, zote zina neno mkopo, zote zimekwenda pipani, na pipa la Gmail nalo humwagwa kila siku 30. Niliyajua siku nilipokwenda dirishani kuulizia hisa zangu. Tangu hapo kichujio changu cha maneno hakifuti kitu. Kinazipitisha barua pembeni ya kikasha, yaani pale zinapoingia barua mpya, na kuzitia lebo ya Baadaye, na Ijumaa jioni naipitia nikiwa na kahawa. Fanya vivyo hivyo.

Kuna ujanja mdogo unaowafaa wenye Gmail. Kama anwani yenu huanza na ofisiyetu, unapojaza fomu ya hoteli andika ofisiyetu+hoteli, kisha sehemu iliyobaki kama kawaida. Barua zitafika kwenu vile vile, na siku zikianza kumiminika utajua nani kaiuza anwani, na utazichuja zote kwa kutumia jina hilo la mpokeaji. Fomu nyingine hukataa alama ya kujumlisha, basi.

Nimeacha la hatari baada ya haya kwa sababu kichujio hakilifikii. Barua inayofilisi ofisi kama yako haina dawa za nguvu wala mamilioni ya Dubai. Ni moja tu, imeandikwa kwa adabu, haina kiungo, na inataja namba ya kontena ya kweli. Inasema: kutokana na ukaguzi wa hesabu, akaunti yetu ya benki imebadilika, malipo ya mzigo huu yatumwe huku. Anwani yake inatofautiana na ya kweli kwa herufi moja, r na n zikikaa pamoja zikaonekana m, au kistari kimeongezwa katikati. Wakati mwingine haitofautiani kabisa, kwa sababu mwizi yumo ndani ya akaunti ya msambazaji wako huko China, anasoma mazungumzo yenu wiki nzima akingoja siku ya kulipa.

Kinga yake ni simu. Mabadiliko yoyote ya akaunti ya benki, hata yakitoka kwa mtu uliyekula naye biriani, mpigie kwa namba uliyonayo tangu zamani, si ile iliyo ndani ya barua, na usikie sauti. Liandike ukutani kama kanuni ya ofisi ili mfanyakazi mdogo asione haya kumsubirisha mteja mkubwa. Pesa zikishatoka, kimbilia benki saa hiyo hiyo kuomba izuie malipo, kisha polisi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inalihusu kosa hili, na kituo cha kitaifa cha kushughulikia mashambulizi ya mtandaoni, KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano hupokea taarifa zake.

Na kikulacho ki nguoni mwako: kagua vichujio vyako mwenyewe. Mwizi akiingia kwenye akaunti ya ofisi, mara nyingi jambo la kwanza analofanya ni kuunda kichujio. Kila barua yenye jina la benki au ya mteja fulani ipelekwe kwenye kumbukumbu bila kupita kikashani, au isambazwe kwake. Wewe unaona kimya, unadhani mteja kachelewa kujibu. Ukiwa kwenye ukurasa ule ule wa mipangilio, soma kichujio kimoja kimoja, halafu fungua sehemu ya kusambaza barua uone kama kuna anwani msiyoijua. Ukiikuta, usiifute tu na kuendelea na kazi. Badilisha neno la siri, ondoa vifaa vyote vilivyoingia, na washa uthibitishaji wa hatua mbili.

Hilo la neno moja la siri kwa watu wanne, dada, limenikosesha raha kuliko barua taka zote hizo. Tangu 2011 wangapi wameshaacha kazi hapo? Wangapi bado wanayo kwenye simu zao? Nimeingia ofisi za hapa mjini nikakuta limeandikwa kwenye kalenda ya ukutani, mteja akisubiri risiti analisoma. Libadilishe leo, kabla ya kugusa kichujio chochote. Ukipata barua inayoonekana imetoka kwako mwenyewe ikidai umerekodiwa na ulipe bitcoin, usitetemeke, ni lile jina la nyuma ya bahasha tena. Lakini kama imetaja neno la siri mlilowahi kulitumia, limevuja kutoka tovuti fulani mlikojisajili. Tovuti ya Have I Been Pwned ya Troy Hunt itakuonyesha anwani yenu imo katika uvujaji upi.

Sasa swali lako la mwisho. Ndiyo, nakushauri anwani mpya, ila isiwe Gmail nyingine ya bure. Sajili kikoa chenu cha .co.ke na kila mtu awe na anwani yake na neno lake la siri. Mtu akiondoka, unafunga yake peke yake. Halafu mwambie fundi atakayekuwekea kikoa hicho kwamba hutamlipa salio mpaka akuonyeshe vitu vitatu: SPF, DKIM na DMARC. Wewe utavielewa kuliko yeye, kwa sababu ni mambo ya geti la bandari. SPF ni orodha ya malori yanayoruhusiwa kubeba mzigo wa kampuni yako. DKIM ni sili ya kontena. Anayepokea anaitazama akajua kama imevunjwa njiani. DMARC ni maagizo uliyomwachia mlinzi: lori lisilo kwenye orodha na lisilo na sili yetu lirudishwe au liwekwe pembeni, nami niletewe taarifa. Bila hivyo, yeyote anaweza kumwandikia mteja wako kwa jina lako. Ukiwa navyo, ankara zako nazo hazitazama kirahisi kwenye barua taka za wateja, jambo ambalo huenda linatokea sasa bila wewe kujua.

Anwani ya 2011 usiizime. Kampuni za meli na wateja wanayo kwenye mafaili yao, na wengine wataitumia miaka mitano ijayo. Iache isambaze barua zake kwenda mpya, ijibu yenyewe kwa sentensi moja ya kutaja anwani mpya, na mmoja wenu aingie humo mara moja kwa mwezi, kwa sababu akaunti ya Google ya mtu binafsi isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na nyaraka zote zilizomo.